Programu huria nazo zinahitaji palizi

MKULIMA wa Mjimwema, Songea, anayepanda mahindi mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, anajua kwamba kuongeza ekari si lazima kuongeza magunia. Ekari mbili zilizopaliliwa kwa wakati zinaweza kumpa mavuno mazuri kuliko nne zilizomezwa na magugu. Kanuni hiyo inazihusu pia programu za kompyuta na simu, ambazo sasa zimeingia katika biashara ya mazao.

Mkoani Ruvuma, ufuta, soya na mbaazi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na minada huendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Katika biashara ya namna hiyo, kilo zikiandikwa vibaya kwenye kompyuta, fedha ya mtu imepotea. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya programu yoyote ni kutokosea. Mbwembwe huja baadaye.

Programu nyingi zinazotumika duniani leo ni huria, yaani maandishi yaliyoziunda yako wazi, na yeyote anaruhusiwa kuyakagua, kuyarekebisha na kuyatumia. Simu za Android, zilizojaa mikononi mwa wafanyabiashara wadogo, zimejengwa juu ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland. Hapa nyumbani, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice.

Tatizo ni kwamba shamba la wote hupata wapandaji wengi na wapaliliaji wachache. Machi 2012, programu huria ya OpenSSL, inayolinda siri za mawasiliano kwenye tovuti nyingi, ilitoka na kipengele kipya. Ndani yake mlikuwa na kosa dogo lililokaa miaka miwili, hadi lilipotangazwa Aprili 2014 kwa jina la Heartbleed. Kupitia kosa hilo, mwizi aliweza kuchota siri za wateja, zikiwamo nywila. Wakati huo, programu hiyo iliyotegemewa na dunia nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayeifanyia kazi muda wote, na michango ya takriban dola 2,000 za Marekani kwa mwaka.

Linux inaonyesha njia nyingine. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Wiki mbili za kwanza ndizo za kupokea vipengele vipya, na zote zinazobaki ni za kusaka na kusahihisha makosa. Aliyechelewa husubiri toleo lijalo, kama mkulima aliyepitwa na mvua.

Wapo wanaosema kwamba programu isiyoongezewa kitu hupitwa na wakati. Ni kweli, na hakuna anayetaka kurudi kwenye daftari. Lakini kipengele kipya juu ya msingi wenye makosa huzidisha makosa, na gharama yake hulipwa na mtumiaji.

Vyama vya ushirika, SACCOS, halmashauri na wafadhili wanapoagiza programu, huria au ya kulipia, wasiulize tu itafanya mambo mangapi. Waulize nani atairekebisha ikikosea, kwa muda gani na kwa fedha ipi. Fungu la matengenezo liwemo kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Majaribio yafanyike kabla ya msimu, na wakati wa ununuzi mfumo usiongezwe chochote isipokuwa marekebisho ya makosa.

Programu ikizinduliwa kwa ngoma bila fungu la palizi, atakayeona magugu wa kwanza ni mkulima aliyepanga foleni kwenye mizani.