Usiniambie Nifute Kache

Kila nikikwama, jibu ni lilelile: "Futa kache, ujenge apu upya." Huo ni ushauri wa mtu mwenye waifai ya bure.

Mimi hununua bando. Folda ya .gradle kwa laptopu yangu ilikuwa imepita GB 4, maktaba nilizopakua kidogo kidogo, usiku, bando likiwa bei rahisi. Juzi mteja anangoja apu ya Android asubuhi, build inakataa, nikafuata huo ushauri. Folda yote ikaenda. Nikakopa bando, Gradle ikaanza kupakua, halafu kosa likarudi vilevile.

Ndipo nikasoma ule ukuta wa maandishi. Chini ya "What went wrong" ilikuwa wazi kabisa: plagini ya Android, kuanzia toleo la 8.0 la 2023, inataka Java 17. Mimi nilikuwa na 11. Na JDK 17 ilikuwa tayari ndani ya Android Studio yangu! Ni kubadilisha mpangilio mmoja tu, bila kupakua chochote. Lakini sasa maktaba hazikuwepo, bando limeisha, na mteja akaenda kwa mwingine. Hiyo ilikuwa pesa ya nyumba.

Mnaita hiyo debagi? Hiyo ni kupiga redio makofi. Kache ikiwa nzima, kuna hata --offline, Gradle ifanye kazi bila intaneti. Mbona hiyo hamsemi?

Kabla umjibu mtu, muulize kosa linasema nini. Halafu muulize ako na bando ngapi.