Sikio Nalo Hufundishwa

Wapenzi wa Kiswahili wa rika langu wakutanapo hapa Arusha, hazipiti dakika kumi kabla ya mmoja wetu kuguna na kusema: "Muziki ulikuwa ule wa zamani. Hawa wa leo wanapiga kelele tu, na lugha wanaiua." Wengine hutikisa vichwa kukubali, chai ikanyweka, na shauri likahesabiwa kuwa limekwisha. Nami nilitikisa kichwa hivyo kwa miaka mingi. Leo naupinga usemi huo waziwazi, kwa kuwa ulinifanya nimdhulumu mtu asiye na hatia.

Nianze kwa kuuliza: huo wa zamani ni upi? Tukitaja dansi la Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, tukumbuke kuwa gitaa halikuchimbwa Uluguru, na kwamba mwendo wa rumba ulitufikia kwa santuri za Kuba na kwa bendi za Kongo. Tukitaja taarabu, udi na kanuni vilitoka Misri na Arabuni, vikapokewa katika kasri la Sultani wa Unguja katika karne ya 19. Siti binti Saad, binti wa wafinyanzi wa Fumba, ndiye aliyeitoa sanaa hiyo kasrini, akaiimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida, na mwaka 1928 akairekodi Bombay. Alidharauliwa kwa nasaba yake na hata kwa sura yake. Lakini Shaaban Robert, ambaye sote tunamhesabu kuwa kinara wa malenga, hakuona haya kukaa kitako na kuandika wasifu wake. Wanaodai kumrithi Shaaban wangerithi na masikio yake.

Mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, wakisema unaharibu vijana. Naam, vijana waliokuwa wakiharibiwa siku zile ndio mababu wanaolalama siku hizi.

Hapa kwetu, chini ya Mlima Meru, ushahidi uko karibu zaidi. Wamisionari wengi wa mwanzo walizikataa ngoma zetu, wakatuletea tuni za Ulaya, na wako waumini waliokuja kuamini kwamba ibada haikamiliki bila kinanda. Kisha, katika miaka ya 1960, Howard Olson, mwalimu katika chuo cha theolojia cha Makumira, akawa anakusanya tuni za Kiafrika, na mwanafunzi wa chuo hicho, Bernard Kyamanywa, akatunga maneno ya "Mfurahini, Haleluya". Leo wimbo huo huimbwa siku ya Pasaka hata katika nchi zilizotuletea vinanda. Mji huu huu ndio uliowatoa X Plastaz, waliounganisha rapu ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitoka mwaka 2004. Ni walimu wangapi wa fasihi wa mkoa huu walioipeleka darasani? Mimi sikuipeleka.

Sasa nieleze deni langu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nikifundisha ushairi kidato cha tatu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu nikiwa na hakika kwamba shairi ni vina, mizani na adabu. Siku moja nilimkuta kijana wa dawati la nyuma akiandika kwa kujificha. Nikalichukua daftari, nikasoma mistari miwili kwa sauti ya kejeli, darasa likacheka, nikalichana. Nilipokuwa naokota vipande baadaye niliona kitu ambacho sikutaka kukiona: vina vya kati na vya mwisho vilikuwa vimepangwa sawasawa, tena katika mwendo ambao mimi sikuwahi kuwafundisha. Nikavitupa jalalani, nisimwambie neno.

Miaka michache iliyopita nilikutana naye soko la Kilombero, ana duka lake la nafaka. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, nikamkumbusha daftari lile, nikamwomba radhi. Akatabasamu kwa heshima. "Yamepita, mwalimu. Ila sikununua jingine." Akanipimia mchele, akaniongezea kibaba. Mchele ule nilishindwa kuula kwa raha.

Wenzangu mtasema: hatukatai vijana, twatetea lugha. Vyema. Basi chukueni "Ndio Mzee" ya Professor Jay, mkauchambue kama mnavyochambua tenzi. Mtamkuta mgombea anayeahidi yasiyowezekana na umati unaoitikia kila ahadi; mtakuta kejeli, takriri na majibizano ambayo mtunzi wa ngonjera angeyaonea wivu. Wimbo huo hauui lugha, unaifanyisha kazi.

Wala sisemi kila wimbo ni mzuri. Ziko nyimbo zinazowatukana wanawake, na ziko zisizo na wazo hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini haki ya kuukataa wimbo hupatikana kwa kuusikiliza. Kumsifu Marijani Rajab kwa kuwa tu ulikuwa kijana alipovuma si kuwa na ladha. Ni kuukumbuka ujana wako.

Nanyi vijana msishangilie bado. Simu zenu huwapikia chakula kile kile mlichokula jana, nanyi mkakiita chaguo lenu. Mjukuu wangu hakuweza kumvumilia Hukwe Zawose kwa dakika mbili. Akasema zeze linamchosha. Nikamwambia nami singeli ilinichosha vivyo hivyo, hadi nilipoisikiliza mara ya tatu nikaanza kusikia ngoma chini ya ile kasi. Tukafanya mapatano: kila Jumamosi yeye ananichagulia wimbo mmoja, nami namchagulia mmoja, na hakuna ruhusa ya kuhukumu kabla ya kusikiliza mara tatu. Singeli nyingi bado sizipendi, lakini sasa naweza kusema kwa nini. Naye juzi nilimsikia akiimba chini chini sauti ya ilimba akiosha vyombo.

Hiyo ndiyo ladha: jambo la kulelewa. Halitokani na umri wala na simu, na mwalimu anayelifungia mlango huwafungia na wanafunzi wake. Nafunga kwa ubeti, kama ilivyo ada yetu:

Sikio ukilifunga, kwa sauti ya jirani,
Hujaulinda mpunga, umelala tu dunguni,
Ladha haiji kwa kinga, hukuzwa kwa umakini,
Sikiliza kwanza wimbo, ndipo utoe lawama.