Udhaifu wa uzeeni na sonona
Udhaifu wa uzeeni si uzee wenyewe. Wapo wa miaka 85 ambao bado wanalima. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake nchini Marekani walitaja dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Mwenye tatu au zaidi huhesabiwa dhaifu. Kipimo chao cha uchovu, ajabu, kilitolewa kwenye dodoso la sonona, kwa hiyo mwili na akili haviachani hata katika vipimo. Asiye na hamu ya kula kwa sababu ya sonona hupoteza misuli. Aliyepoteza misuli huogopa kuanguka, hujifungia ndani, na upweke humzidishia huzuni. Mazoezi ya kuimarisha misuli, pamoja na mlo wenye dagaa, mayai au maharage, huweza kumrudishia mtu nguvu, hasa yakianza mapema.