Karatasi za Nyumbani Zisomwe na Wote

Kuna karatasi moja isiyotutoka akilini. Ina alama ya dole gumba la mjane. Aliambiwa kwamba anakiri kupokea fedha za rambirambi, kumbe alikuwa anaridhia shamba ligawiwe shemeji zake. Linalotusikitisha zaidi ni kwamba siku ile mwanawe wa darasa la sita alikuwa ameketi uani. Alijua kusoma. Hakuna aliyefikiri kumwita, wala mwenyewe hakudhani kwamba kusoma kwake kulihusu mambo ya nyumba ile.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Ni sheria njema. Lakini humlinda kwa taabu mtu asiyejua anachokitia dole.

Wapo wasemao kwamba kusomesha ni kazi ya mwalimu, kwani ndiye alipwaye mshahara. Hatukubaliani nao. Mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma hata ukurasa mmoja kwa siku. Nyumbani wapo watatu au wanne. Wala si lazima mzazi awe msomi. Mama asiyejua hata herufi moja aweza kumwambia mtoto, "Nisomee," kisha akamwuliza, "Hapo wamesema nini?" Mtoto akishindwa kueleza, itajulikana papo hapo kwamba alikuwa akitamka tu bila kuelewa.

Wazee watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kuizunguka redio, kijitabu mkononi, ajuaye akiwasomea wasiojua. Wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki takriban asilimia 10. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta wamekuwa kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila watano. Madarasa yale yalififia, na nyumba hazikuichukua kazi hiyo.

Tutaambiwa kwamba vitabu ni ghali. Ni kweli. Lakini ipo kadi ya kliniki, ipo risiti ya mbolea, ipo barua ya shule, yapo maelezo kwenye chupa ya dawa ya mifugo, upo mkataba wa mkopo. Anzeni na hizo, jioni, wakati ugali unapikwa. Na binti asitumwe kuosha vyombo huku kaka yake akisoma. Tunafahamu kwamba baadhi ya akina baba wataona ugumu mkataba wa mkopo ukisomwa kwa sauti mbele ya mke na watoto. Ndiyo sababu tumeutaja. Mdai akija, hachukui mali ya baba peke yake.

Mjane yule bado anafuatilia shauri lake. Kila barua ya wito inayomfikia, mwanawe humsomea mara mbili kabla hajatoka nyumbani, na mahali asipoelewa, humsimamisha.