Moteri ikichemka, shoferi asilipe peke yake

Kila mara moteri ikikufa kwenye barabara ya Walikale, kesi inafika kwetu. Hatuko mafundi. Sisi ni watu wa sendika ya wachimbaji, tuko Omate kwenye machimbo ya dhahabu, na kazi yetu ni kusikiliza nani amelipwa, nani hakulipwa, nani amevunjika mguu ndani ya shimo. Lakini siku hizi tunasikiliza habari za radiateri kuliko habari za mawe. Ndiyo maana tunaomba nafasi katika gazeti hili tuseme jambo moja: moteri iliyokufa kwa kukosa maji hakuiua shoferi peke yake, na makuta ya kuitengeneza yasikatwe kwenye mshahara wake.

Tuanze na kesi yenyewe. Shoferi mmoja, baba wa watoto watano, anaendesha kamyo ya patroni ambaye hatutamtaja jina. Kamyo inabeba mazutu, mchele, chumvi na vipuri vya motopompi. Mbele ya kutoka Bukavu, shoferi alimwambia patroni kwamba radiateri inavuja upande wa chini, tone kwa tone. Patroni akajibu: «Enda tu, utatengeneza ukirudi.» Shoferi akaweka bidoni mbili za maji nyuma ya kiti, akaenda. Baada ya Hombo, ndani ya matope, kamyo ikiwa imejaa kupita kiasi, mshale wa joto ukaanza kupanda. Hakusimama. Alituambia sababu, na hatuwezi kumcheka: pale pori limefunga pande zote, jua lilikuwa linazama, na mwezi uliopita kamyo iliyosimama pale ilivuliwa kila kitu, hata turubai. Akaendelea kilomita sita ama saba. Kiisha moteri ikakohoa, ikakaza, ikanyamaza. Walipoifungua, jwen ya kulasi ilikuwa imeungua, kulasi yenyewe imepinda, pistoni mbili zimeshikana na silinda.

Patroni alipiga hesabu akamwambia: utafanya kazi miezi kumi na minne bila mshahara.

Miezi kumi na minne. Watoto watano watakula nini? Na yule aliyejua kwamba radiateri inavuja, yeye atalipa miezi mingapi?

Tuko na sheria ya kazi katika nchi hii, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inamwambia mwajiri achunge kazi ifanyike katika hali inayofaa kwa usalama na afya ya mfanyakazi. Kumtuma mtu porini na radiateri inayovuja si hali inayofaa. Lakini tukisema hivyo mbele ya mapatroni wanatujibu kwamba sisi hatujui mashine. Basi tumeketi na mafundi, tumejifunza, na tutaeleza hapa, ju patroni asiyetaka kusikia sheria labda atasikia chuma.

Moteri inaungua ndani. Mafundi wanahesabu kwamba mazutu yanayochomwa, karibu theluthi moja tu njo inasukuma magurudumu. Theluthi nyingine inatoka na moshi. Inayobaki lazima ibebwe na maji, la sivyo chuma kinapanuka mpaka kinashikana. Pompi inazungusha maji kati ya moteri na radiateri, kurua inazungusha pompi, vantilateri inavuta upepo kupitia matundu ya radiateri. Kitu kimoja kikilegea, vyote vinalala. Tumeona kamyo nzima imekufa ju ya kurua iliyokuwa imepasuka-pasuka na kila mtu aliiona asubuhi.

Halafu kuko kizibo cha radiateri. Watu wanakidharau, wanakibadilisha na kitambaa ama kipande cha mpira wa ndani. Kumbe kizibo njo siri yenyewe. Maji hayachemki sawasawa kila mahali. Kule chini, usawa wa bahari, ni digrii 100. Goma, kwenye metre karibu 1.500, ni 95 hivi. Kwenye vilima vya Masisi vinavyopita metre 2.000, ni 93 tu. Ni kusema ukipanda na mzigo mkubwa kutoka Sake, maji yako yanachemka mapema kuliko ya mwenzako wa Matadi. Kizibo kizima kinafunga mvuke ndani, na kwa nguvu hiyo maji yanaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Ukitia kitambaa, umerudi kwenye 93.

Na maji gani? Hapa kwetu tunachota popote: mtoni Lowa, kwenye dimbwi la barabara, hata maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu. Maji ya udongo yanaacha udongo ndani, na tundu la radiateri ni jembamba kuliko kidole cha mtoto. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora kuliko hayo yote. Lakini maji peke yake, hata yakiwa safi, yanaleta kutu. Tulijifunza hilo kwa uchungu: serikali ilipofunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, tangu Septemba 2010 mpaka Machi 2011, mashine zililala na maji ndani. Tulipozifungua, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai nzito, na nyingi hazikufika hata mwisho wa mwaka.

Dawa ya kutu ni likidi ya radiateri. Patroni akisoma kwenye bidoni kwamba ni likidi ya kuzuia barafu, anacheka: «Walikale kuko theluji?» Hakuna theluji, papa. Lakini likidi hiyo hiyo inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Ukinunua bidoni chache kwa mwaka, bado hujafika hata karibu na bei ya kulasi moja, bila kuhesabu siku ambazo kamyo inalala barabarani na mchele unaoza.

Sasa tuseme na upande wetu, ju hatutaki mtu adhani tunaficha makosa ya wenzetu. Mashoferi pia wako na dhambi. Wengi wanatoa termostati wanaitupa, wanasema inazuia maji. Ni kweli termostati iliyokwama imefungwa inaua moteri. Basi weka mpya. Ukiiondoa kabisa, moteri inakawia kupata joto lake, inakunywa mazutu mengi, na silinda zinakwisha mapema. Wengine wanapanda mlima kwa vitesi kubwa, moteri inalia kama ng'ombe, eti wanaokoa mafuta. Hapo moteri inazunguka polepole, na pompi pamoja na vantilateri vinazunguka polepole vilevile, wakati joto njo linazidi. Teremsha vitesi. Wengine hawaoshi radiateri, matope ya wiki mbili yamekauka juu yake kama ukuta wa nyumba. Na wengine wakiona tundu wanatia unga wa muhogo ama yai. Inasaidia kufika kijiji cha mbele, hatukatai, sisi wenyewe tumeshafanya. Lakini wanaiacha hivyo miezi, unga unaziba na kule kulikokuwa kuzima.

Mshale ukipanda, fanya hivi. Kama kabine iko na shofaji, ifungue yote hata kama utatoka jasho. Inavuta joto la moteri. Punguza mwendo. Tafuta pa kusimama mapema, usingoje mshale ufike mwisho, ju mwisho wake kila mara uko mahali pabaya. Ukisimama, zima na ungoje. Ile nusu saa ya kungoja ni ndefu, tunajua, hasa kama kuko watu wanaokutazama kutoka pembeni ya pori. Minya tiyo ya juu ya mpira ukiwa na kitambaa: ikiwa bado ngumu, ndani kuko nguvu ya mvuke, usiguse kizibo. Na maji baridi usiyatie kwenye moteri iliyo moto sana. Kulasi inapasuka kama chungu.

Tunakazia neno hili la kizibo kwa sababu ya kijana mmoja, konvoyeri, miaka kumi na tisa. Shoferi alimwambia aruke afungue haraka, kamyo nyingine zilikuwa zinapiga honi nyuma. Alifungua. Maji yote yakamrukia usoni na kifuani. Alibebwa kwa moto masaa mengi mpaka kwa muganga. Leo jicho moja halioni vizuri, na hakuna aliyemlipa hata franka, eti konvoyeri si mfanyakazi, ni «msaidizi wa shoferi». Sisi tunasema: anayelala chini ya kamyo kuilinda usiku, anayesukuma, anayetia maji, huyo ni mfanyakazi wa patroni. Mzigo haumjui shoferi peke yake.

Wasomaji wa Goma wataona ajabu kwamba sendika ya wachimbaji inahangaika na makamyo. Lakini mchimbaji anakula kwa kamyo. Zamani, kasiterite ya Bisie ilikuwa inapanda ndege pale Kilambo, ndege zinatua juu ya lami ya barabara kwa kukosa kiwanja. Dhahabu haina shida, inaingia mfukoni. Ila mchele, sabuni na mazutu haviingii mfukoni. Kamyo ikikwama wiki moja, kipimo cha mchele machimboni kinapanda siku ya pili, na mshahara wa mchimbaji haupandi.

Zaidi ya hapo, moteri ziko na sisi huku huku. Tuko na zile ndogo za silinda moja, za kutoka China, zinazozungusha pompi na mashine ya kusagia mawe. Nyingi hazina radiateri. Ziko na tanki la maji limefunguka juu, maji yanachemka, mvuke unatoka na joto, unaongeza mengine. Njo utaratibu wake, si ubovu. Lakini ni lazima mtu awe pale kila wakati na bidoni, na mtu huyo mara nyingi ni mtoto. PDG wa shimo anamwita «mtu wa maji» na kumlipa chakula. Akisinzia, tanki linakauka, pistoni inashikana, pompi inasimama, na maji yanapanda ndani ya shimo ambamo watu wako wanachimba. Hapo tena mtoto njo anapigwa. Tunasema wazi: kazi hiyo ipewe mtu mzima, kwa zamu, kwa malipo. Na moteri ibaki nje. Tunaonaka watu wanaiteremsha ndani eti iwe karibu na maji. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia usingizi tu, halafu haamki. Vuta tiyo ndefu, gharama yake ni ndogo kuliko jeneza.

Kwa ndugu zetu wa moto, maneno mafupi. Moto nyingi zinazokuja huku hazina maji, upepo njo maji yao. Zile mbavu za silinda zikijaa matope, upepo haupiti. Na ukibeba watu wawili na mifuko miwili mlimani, mwendo wa mguu, upepo hakuna kabisa. Simama, acha ipumue. Angalia mafuta ya moteri kila asubuhi, ju yenyewe pia yanabeba joto.

Tunachokidai kwa mapatroni si mali. Kila kamyo iwe na daftari: shoferi anaandika asubuhi hali ya maji, kurua, tiyo, na anayetoa ruhusa ya kuondoka anatia mukono. Siku ya kesi daftari litasema nani alijua. Bidoni ya likidi na bidoni za maji safi zinunuliwe na mwenye gari, si kwa posho ya shoferi. Shoferi akisema gari haliko tayari, asifukuzwe. Na kamyo ikikufa, fundi asiye wa patroni aiangalie kwanza mbele ya mtu yeyote kukatwa hata siku moja ya mshahara. Kwa yule baba wa watoto watano tumeomba mkaguzi wa kazi amwite patroni. Patroni hajakataa, anasema yuko safarini.

Na sisi tumeona kosa letu. Miaka yote tumefundisha watu haki zao, hatukuwafundisha kusoma mshale wa joto. Jumamosi inayokuja tutaketi na mashoferi, makonvoyeri na watu wa motopompi, pamoja na fundi mzee aliyekubali kuja bila malipo. Kila mmoja aje na kizibo cha radiateri yake mfukoni, tutavitazama kimoja kimoja. Lakini akitoe wakati moteri iko baridi.