Sikio la Nani Ndilo Mizani?

Mwanafunzi wa Chepsaita huambiwa kuwa sauti yake ni nzito. Je, uzito huo umepimwa na nani? Kinandi kina irabu za sifa kumi, jozi tano zinazotofautiana kwa mkao wa shina la ulimi. Kiswahili kina tano tu. Sikio lililolelewa na irabu tano halizipambanui zote kumi. Programu ya Praat huidhihirisha tofauti hiyo kwa tarakimu: shina la ulimi likisogezwa mbele, fomanti ya kwanza hushuka. Hata hivyo, mashine haisemi tofauti ipi inabeba maana; hilo hulijua msikilizaji. Basi, wanaisimu wenzangu, tupime kwa ala, kisha tuwasikilizishe Wanandi na Waswahili. Kabla ya hapo, lafudhi tusiiite kosa.