Mwisho wa Publisher na hesabu za steshenari Sanya Juu

KAMPUNI ya Microsoft ya Marekani iliupanga mwezi Oktoba 2026 kuwa mwisho wa huduma kwa Publisher, programu iliyozoeleka katika steshenari nyingi nchini kwa kupangia kadi za harusi, vipeperushi na lebo za bidhaa. Kwa mji wa Sanya Juu, wilayani Siha, habari hiyo inaweza kuonekana kuwa ni ya watu wa Dar es Salaam. Sivyo. Kadi ya mchango wa harusi, tangazo la mkutano mkuu wa chama cha msingi cha kahawa, lebo ya asali, mtihani wa shule ya msingi, vyote hupitia kompyuta chache zilizo kwenye vibanda vya mjini, na mara nyingi mikononi mwa kijana mmoja anayejua kuziendesha.

Kinachobadilika ni hiki. Wanaotumia Microsoft 365, ile inayolipiwa kila mwezi au mwaka, hawataweza tena kufungua mafaili ya Publisher kwa programu hiyo baada ya tarehe ya mwisho. Aliyenunua toleo la zamani la kulipia mara moja ataendelea kulitumia kwenye mashine yake, lakini bila marekebisho ya usalama. Office 2024, toleo jipya la kununua mara moja, halina Publisher kabisa.

Na yule mwenye nakala iliyochakachuliwa, aliyowekewa na fundi kwa elfu chache? Huyu hatajua lolote hadi siku kompyuta yake itakapokufa. Fundi atamwekea Office mpya kwenye mashine nyingine, Word itafunguka, Excel itafunguka, na kazi zake zote za kadi zitabaki kwenye flashi bila kitu cha kuzifungulia.

Kuendelea kulipa Microsoft nako kuna bei yake. Januari 2025 kampuni hiyo ilipandisha ada ya Microsoft 365 ya mtu mmoja nchini Marekani kutoka dola 69.99 hadi dola 99.99 kwa mwaka. Kwa kiwango cha Sh2,500 kwa dola, hiyo ni kama Sh250,000. Tuseme steshenari inabakiwa na Sh200 kwa kila ukurasa inaouchapa baada ya kutoa karatasi, wino na umeme. Itabidi ichape kurasa 1,250 ili kulipia ada hiyo tu, kabla ya kodi ya pango. Kwa duka lililo karibu na shule kadhaa hizo ni kurasa za wiki chache, lakini kwa kibanda cha pembeni ni za miezi.

Hata hivyo, ada siyo gharama kubwa kuliko zote. Gharama kubwa imo kwenye kazi za nyuma. Mteja anayerudi na kusema, "Nipe kadi kama ile ya mwaka jana, badilisha majina na tarehe", humpa mwenye duka kazi ya dakika kumi kwa bei ya kazi ya saa mbili. Faida ya steshenari imekaa humo, kwenye mafaili ya miaka kumi. Mwenye kushika programu pekee inayoyafungua mafaili hayo ndiye anayeshika duka, hata kama hajawahi kufika Boma Ng'ombe.

Hali hii si mara ya kwanza kutokea. Wachapaji waliofanya kazi miaka ya 1990 wanaikumbuka PageMaker. Adobe ilitoa toleo lake la mwisho, la 7.0, mwaka 2001, ikahamishia nguvu zake kwa InDesign, ambayo matoleo yake mapya tangu 2013 hupatikana kwa kulipia ada ya mfululizo tu. Aliyekuwa na vitabu na kalenda kwenye PageMaker alilipa, au alianza upya kupanga kurasa.

Mbadala upo, na wa kwanza kutajwa ni LibreOffice. Programu hii ilizaliwa mwaka 2010, ilipojitenga na OpenOffice.org, nayo ni huria: haina ada, na leseni yake inaruhusu kuinakili na kumpa mwingine. Ina sehemu ya kuandikia iitwayo Writer, ya mahesabu iitwayo Calc, na ya michoro iitwayo Draw. Kuipakua kwenye Windows kunakula takriban MB 350, bando la mara moja. Baada ya hapo flashi moja inaweza kuzunguka stendi nzima. Ule utamaduni wetu wa kuazimana flashi, ambao kwa programu za kulipia ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hapa ni halali kabisa.

Jambo linalowahusu zaidi wenye kadi ni kwamba LibreOffice, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013, inaweza kufungua mafaili ya Publisher kupitia Draw. Lakini asidanganywe mtu. Inayafungua, haiyahifadhi tena kwa mtindo wa Publisher, na mara nyingi mpangilio husogea: mstari unakatika, ua la pembeni linahama, maandishi ya mapambo yanageuka kuwa ya kawaida. Kwa tangazo la mkutano hilo linarekebishika. Kadi ya harusi yenye maua pembe nne ni afadhali kuipanga upya.

Kwa sababu hiyo njia salama ni kuyahamisha mafaili wakati Publisher bado inafunguka kwenye mashine yoyote, iwe ya duka au ya jirani. Kila kazi ihifadhiwe mara mbili: nakala moja ya PDF, ili sura yake isipotee, na maneno yake yanakiliwe kwenye faili la Word au la Writer. Si lazima kuhamisha kila kitu. Mwenye duka anazijua kazi ishirini au thelathini ambazo wateja hurudia, na hizo ndizo za kuanza nazo.

Kuna suala la herufi pia, dogo lakini linaloudhi. Barua iliyoandikwa kwa Calibri kwenye Word ikifunguliwa kwenye mashine isiyo na Calibri inaweza kurefuka na kumwaga mstari mmoja ukurasa wa pili. LibreOffice huja na herufi ziitwazo Carlito zenye upana uleule wa Calibri, na Liberation badala ya Times New Roman na Arial, hivyo mistari hukaa mahali pake. Ila faili linalokwenda kuchapwa kwingine lisitumwe likiwa wazi. Litumwe kama PDF.

Kwa mzalishaji wa asali au unga anayetaka lebo za kuchapwa kiwandani mjini Moshi, Writer haitoshi. Kazi hiyo ni ya Scribus, programu huria ya kupanga kurasa iliyoanza mwaka 2001 na ambayo toleo lake la 1.6 lilitoka Januari 2024. Inatoa PDF yenye rangi nne za wachapaji, kitu ambacho mitambo ya uchapaji inakihitaji ili nyekundu ya kwenye kioo isije ikatoka ya matofali kwenye karatasi. Scribus ni ngumu kwa anayeanza. Haifanani na Word hata kidogo, na kijana aliyezoea Publisher ataichukia wiki ya kwanza. Kwa kadi ya mchango haina maana kuhangaika nayo.

Zipo nyingine za bure. Canva ni nyepesi na inapendwa na vijana, lakini kwa kiasi kikubwa inategemea intaneti, na pale bando linapoisha kazi inaweza kusimama. Affinity, iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024, ilianza kutolewa bure Oktoba 2025 na ni programu ya kiwango cha juu. Bure hiyo, hata hivyo, ni ya hiari ya kampuni, na inaweza kubadilishwa kama ilivyobadilishwa ada ya Microsoft.

Kama programu huria ni nzuri hivyo, kwa nini haijaenea? Tanzania imewahi kujaribu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden kwa msaada wa Sida, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa bure, ilikuwa yetu, na mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuweka Kiswahili kwenye programu zake. Leo ni vigumu kukuta Jambo kwenye steshenari yoyote.

Bei haikuwa kikwazo, maana ilikuwa sifuri. Lugha nayo ilikuwa Kiswahili. Kilichokosekana ni jirani wa kuulizwa. Aliyefundishwa kompyuta alifundishwa Word, mteja aliyeleta flashi alileta Word, na nakala ya Word ya kuchakachua ilikuwa bure kama Jambo. Mtu hachagui programu peke yake. Huchagua ile ambayo fundi, mteja na mwalimu wake wanaitumia, kama vile mkulima anavyonunua aina ya pampu ambayo vipuri vyake vinapatikana Moshi.

Ndiyo maana duka moja la Sanya Juu likihama peke yake litapata taabu, na maduka matatu au manne yakihama pamoja yatapata wepesi. Vyama vya msingi vya ushirika vinaweza kusaidia bila kutumia fedha nyingi. Karani anayewaandikia wanachama barua za malipo, kila moja na jina na kilo za kahawa alizopeleka, anaweza kuitoa orodha kwenye Calc na kuiunganisha na barua moja kwenye Writer. Kuunganisha huko kunahitaji hatua nyingi kuliko kwenye Word, na hapo ndipo siku mbili za mafunzo zinapolipa. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi, si mbali, na wanafunzi wake huhitaji mahali pa kufanyia mazoezi kwa vitendo. Tahadhari ni moja: vitabu vya mahesabu vya Excel vyenye amri za kujiendesha huenda visifanye kazi kwenye Calc, kwa hiyo kompyuta ya mhasibu iwe ya mwisho kuguswa.

Wakati wa kuhama nao una bei. Desemba, wenyeji wanaporudi nyumbani kutoka mijini na kila kijiji cha mlimani kina sherehe, steshenari haina nafasi ya kujifunza chochote. Kwaresima ni tofauti. Harusi za makanisani hupungua, oda za kadi hushuka, na baada yake masika hufanya barabara za vijijini kuwa na tope na wateja kuwa wachache. Kijana wa duka akihamisha kazi mbili kwa siku katika wiki hizo sita, Jumapili zikiwa zimetolewa, atakuwa amehamisha zaidi ya 70, na LibreOffice na Publisher zinaweza kukaa kwenye kompyuta moja muda wote huo bila kugombana.